Kukariri hakutoshi: Jiografia ya KCSE yadai macho, ramani na miguu

KILA muhula wa tatu unapokaribia ukingoni, madarasa ya kidato cha nne kote nchini hugeuka kuwa mabaraza ya kughani. Watahiniwa huonekana wakizunguka viwanjani alfajiri, madaftari mikononi, wakirudiarudia sababu tano za hiki na athari nne za kile. Katika somo la Jiografia, wimbo huo huhusu chanzo cha volkeno, faida za misitu na matatizo ya uvuvi.

Vijana hao hawana upungufu wa bidii. Kinachokosekana ni ulinganifu baina ya namna wanavyojiandaa na kile ambacho mtihani wenyewe unawataka wafanye.

Mtihani wa Jiografia katika Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) una karatasi mbili, kila moja ikiwa na alama 100 na kupewa muda wa saa mbili na dakika 45. Karatasi ya kwanza huegemea maumbile ya dunia: miamba, mito, hali ya anga, udongo na mimea. Ya pili huegemea shughuli za binadamu: kilimo, madini, nishati, viwanda, uchukuzi, miji na idadi ya watu.

Sehemu ya kwanza ya kila karatasi ina maswali mafupi matano ya lazima yenye jumla ya alama 25. Katika sehemu ya pili, mtahiniwa hujibu swali la sita, ambalo ni la lazima, kisha huchagua mengine mawili. Kila moja kati ya hayo matatu lina alama 25.

Ni katika swali hilo la sita ambapo kughani hufika kikomo. Katika karatasi ya kwanza, mtahiniwa hukabidhiwa ramani ya topografia ya sehemu fulani ya Kenya na kutakiwa kuisoma. Katika karatasi ya pili, kwa kawaida huwekewa jedwali la takwimu au picha. Kwa maneno mengine, robo ya alama za kila karatasi imetengewa jambo ambalo mtahiniwa hajapata kuliona hadi anapoketi katika chumba cha mtihani. Hakuna daftari linaloweza kumwambia mapema ni ramani ipi itakayoletwa.

Ramani hizo huwa za kipimo cha moja kwa 50,000. Maana yake ni kwamba sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Mwanafunzi anayepima barabara kwa uzi na kupata sentimita 14 hana budi kujua kwamba safari hiyo ni ya kilomita saba. Wapo wanaopima vyema kabisa kisha wakapoteza alama kwa sababu wameandika sentimita mahali palipohitaji kilomita.

Vivyo hivyo, mahali hutajwa kwa tarakimu sita, na zile za kuelekea mashariki husomwa kabla ya zile za kuelekea kaskazini. Anayezigeuza humpeleka msahihishaji mahali pengine kabisa, pengine ng'ambo ya mto au juu ya mlima, ilhali shule aliyotakiwa kuitaja iko bondeni.

Mistari ya kontua nayo ni lugha kamili. Inapokaribiana, mteremko ni mkali; inapoachana, ardhi ni tambarare. Inapopinda kama ncha ya mkuki kuelekea kwenye kimo kikubwa zaidi, hapo pana bonde, hata kama mto haukuchorwa. Mtahiniwa anayeifahamu lugha hii anaweza kueleza kwa nini vijiji vimejipanga juu ya mgongo wa kilima na kuepuka kinamasi kilicho chini yake. Josho la mifugo humwonyesha ufugaji, nacho kiwanda cha kuchambulia pamba humwonyesha kilimo cha zao hilo, bila ya neno ufugaji wala kilimo kuandikwa popote.

Ujuzi wa aina hii haupatikani kwa kuambiwa. Hupatikana kwa kuketi na ramani mara ya kwanza na kukosea, mara ya pili na kukosea kidogo, hadi jicho linapozoea. Kinachosikitisha ni kwamba katika shule nyingi, hasa za kutwa na za mashambani, mwanafunzi hushika ramani nzima kwa nadra sana. Nakala moja hutazamwa na wanafunzi kadhaa kwa pamoja, au hutolewa fotokopi isiyo na rangi, ambapo mto, barabara na kontua hufanana kama ndugu pacha.

Iwapo ramani ni tatizo la uhaba, utafiti wa nyanjani ni tatizo la aina nyingine. Silabasi humtaka mwanafunzi atoke darasani, achunguze mto, soko, shamba au kiwanda kilicho karibu, akusanye habari, azichanganue na kuandika ripoti. Mtihani nao huuliza kuhusu kazi hiyo: kwa nini ziara ya awali ni muhimu, ni udhaifu gani ulio katika matumizi ya hojaji, ni matatizo gani ambayo kundi lingekabiliana nayo.

Hata hivyo, maswali haya yamezaa majibu ya kudumu. Ziara ya awali husaidia kupanga wakati. Hojaji huwashinda wasiojua kusoma. Hali mbaya ya anga huvuruga kazi. Mwanafunzi anaweza kuyaandika hayo yote bila kuvuka lango la shule maishani mwake. Hivyo basi, zoezi lililokusudiwa kumfunza kijana kuyachunguza mazingira yake limekuwa sura nyingine ya kukariri.

Tofauti hujitokeza swali linapobadilishwa kidogo tu. Mwanafunzi aliyesimama kando ya kijito, akatupa kijiti majini na kukihesabia sekunde 20 kikisafiri mita 10, anajua kwamba mkondo huo ulikwenda nusu mita kwa sekunde. Anajua pia kwamba kijiti hicho kinaweza kunaswa na majani, kwamba maji ya katikati hukimbia kuliko ya kando, na kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Aliyekariri hana la kusema pindi anapoulizwa nje ya orodha yake.

Walimu wakuu wana utetezi wao, na si utetezi wa kupuuzwa. Kiwango cha Sh22,244 kilichowekwa na serikali kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili kwa mwaka kimekuwa kikilalamikiwa kwamba hufika shuleni kwa kuchelewa na kwa mafungu. Shule inayodaiwa na wauzaji wa mahindi na maharagwe si rahisi ikodishe basi kupeleka wanafunzi Olkaria kutazama mvuke wa ardhini ukizalisha umeme. Wazazi nao, baada ya kulipa karo kwa taabu, huiona safari ya masomo kuwa anasa.

Lakini hoja ya gharama ina nguvu tu iwapo utafiti wa nyanjani utachukuliwa kuwa ni utalii. Kenya ni nchi ambayo maumbile yake yameanikwa mlangoni. Mwanafunzi wa Iten hutazama Bonde la Kerio akiwa juu ya ukingo wa Elgeyo, yaani mpasuko wa ardhi ule ule anaousoma kitabuni. Wa Likoni huvuka Kilindini kwa feri, juu ya bonde la mto lililomezwa na bahari. Wa Nakuru ana kasoko la Menengai kaskazini mwa mji. Wa Tabaka, Kisii, huishi miongoni mwa machimbo ya mawe laini ya kuchongea vinyago. Wa nyanda za Kano hujua mafuriko kwa jina la mto na mwezi wa mwaka.

Safari ya kufika huko ni ya miguu. Kinachohitajika ni kamba ya kupimia, saa, daftari, na mwalimu aliyeruhusiwa na ratiba kutoka nje kwa alasiri moja. Ruhusa hiyo ndiyo ngumu kupatikana kuliko fedha, kwa kuwa ratiba ya kidato cha nne imejazwa mitihani ya mwigo kutoka Januari hadi Oktoba.

Wapo watakaosema kwamba kukariri kumewapa wengi alama ya A na hivyo hakustahili kulaumiwa. Hoja hii ina ukweli wake. Silabasi imesheheni mifano ambayo mwanafunzi wa Kenya hawezi kuitembelea: viwanda vya Ruhr nchini Ujerumani, ufugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Denmark, utalii wa Uswisi, na ardhi ambayo Waholanzi waliipokonya bahari huko Zuider Zee. Mambo hayo lazima yasomwe na kuwekwa akilini.

Hata hapo, aghalabu mtihani hutaka ulinganisho. Denmark huwekwa kando ya Kenya, na Zuider Zee husomwa sambamba na Mwea na Perkerra. Aliyemsikiliza mkulima wa kijijini kwake akilalamikia bei ya maziwa, barabara ya matope na gharama ya chakula cha ng'ombe, tayari ana nusu ya jibu. Nusu iliyosalia hushika kwa urahisi kwa sababu ina mahali pa kuning'inia.

Isitoshe, nchi haisubiri vitabu vichapishwe upya. Mwea inayofundishwa leo ina bwawa la Thiba lililozinduliwa mwaka 2022. Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, kutoka milioni 38.6 mwaka 2009. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 23 katika mwongo mmoja. Mtahiniwa anayeweza kuzichukua takwimu hizo mbili, akazichorea grafu na kueleza zinavyoelekeza mahitaji ya shule, maji na ardhi, amejiandaa kwa karatasi ya pili kuliko aliyemeza orodha ya sababu za ongezeko la watu.

Mabadiliko ya namna ya kukokotoa alama yameongeza uzito wa jambo hili. Tangu KCSE ya mwaka 2023, alama ya wastani hupatikana kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Jiografia ikiwa imara, humwinua mwenyewe hata pale Fizikia au Kemia ilipomwangusha. Ikiwa dhaifu, huwa ni somo lililobebwa miaka minne bila faida.

Kwa hivyo, maandalizi ya maana yangeanza mapema na kwa utaratibu tofauti. Ramani moja kila wiki kuanzia kidato cha tatu, si lundo la ramani wiki mbili kabla ya mtihani. Utafiti mmoja wa karibu, unaofanywa kweli na kuandikwa kweli. Mazoezi ya kutofautisha maswali, kwa kuwa anayetakiwa kueleza sura ya kitu hapati alama kwa kueleza chanzo chake. Na nidhamu ya saa: alama 25 zina takriban dakika 41, na anayetumia saa nzima kuremba mchoro huiba muda wa swali jingine.

Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4, walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024, wamepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Baada yao, Jiografia itakuwa somo la kuchaguliwa katika shule za juu za upili chini ya Mtaala wa Umilisi, ambao umeahidi kuthamini vitendo kuliko maneno. Ahadi hiyo ni njema. Lakini iwapo ramani hazitafika madarasani na lango la shule litasalia limefungwa, mtaala mpya utarithi ugonjwa wa zamani chini ya jina jingine.

Suala hili halimalizikii kwenye cheti. Novemba 2019, maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 40 Pokot Magharibi. Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalifumuka na kuvishukia vijiji vya Mai Mahiu usiku, yakaangamiza makumi ya watu. Mvua haizuiliki. Ila mteremko mkali, bonde linalokusanya maji na nyumba zilizojengwa chini yake ni mambo yanayosomeka kwenye ramani ya kipimo cha moja kwa 50,000, ile ile inayowekwa mbele ya mtahiniwa katika swali la sita.

Kijana anayefunzwa kuisoma hatafuti alama 25 pekee. Kesho atakuwa mzazi anayenunua ploti, chifu anayeshauri watu wahame, au mhandisi anayeamua ukubwa wa kalvati. Aliyekariri atakuwa ameyasahau yote kufikia Desemba. Aliyeielewa ardhi atajua pasipofaa kujengwa, na huenda akawaokoa wengine.