Sheria isingoje bwawa lijae

Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mabwawa ya Mto Colorado, na ndani yake likaahidi kwamba daraja la mawe la Rainbow Bridge, lililohifadhiwa kisheria tangu 1910, litakingwa lisidhuriwe na maji. Bwawa la Glen Canyon lilianza kujazwa mwaka 1963, lakini fedha za kujenga kinga hiyo hazikutolewa. Watetezi wa mazingira walikwenda mahakamani, nao wakashinda mapema mwaka 1973. Miezi michache baadaye mahakama ya rufaa ikatengua ushindi huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Bunge lililokataa fedha kila mwaka lilikuwa limekwisha kuifuta ahadi yake lenyewe. Maji yakaingia chini ya daraja.

Mkasa huo wa mbali una somo kwa wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi, yakawa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Mto Kagera unaopita mpakani mwa wilaya hizo ni mto wa nchi nne. Mwaka 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa kuliendeleza bonde lake. Uganda ikajiunga mwaka 1981. Na chombo kilichoundwa kikavunjwa mwaka 2004. Umeme, hata hivyo, ulikuja. Rusumo, wilayani Ngara, ilijengewa mtambo wa megawati 80 kwa ajili ya nchi tatu, na Kikagati-Murongo, baina ya Uganda na Kyerwa, mtambo wa megawati 14.

Hakuna mzalendo anayeupinga umeme. Mwanafunzi anayesomea kibatari anauhitaji, na zahanati inauhitaji zaidi. Lakini je, mto ukizuiwa au kufunguliwa kwa kutazama mahitaji ya mitambo peke yake, mvuvi, mfugaji na mnyama wa hifadhini watabakiwa na nini?

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka athari za mradi zipimwe kabla ya ujenzi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka yatengwe maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu na ya uhai wa mto wenyewe. Hata Mahakama ya Afrika Mashariki, katika shauri la barabara ya Serengeti lililoamuliwa mwaka 2014, ilionyesha kuwa inaweza kuisimamisha serikali kwa ajili ya hifadhi.

Lakini mahakama ni kimbilio la mwisho. Sheria isiyotengewa fungu ni ahadi ya Colorado. Hapana budi afisa wa maji apewe vifaa na usafiri wa kupima mto. Ripoti ya athari za mradi isomwe na halmashauri kabla ya saini, si baada ya saruji kumwagwa. Na mwalimu awafundishe wanafunzi wake kwamba mto ule una sheria, na sheria ile ni mali yao.

Wahenga walikwisha kusema: maji yakimwagika hayazoleki. Yakifurika mahali yasipotakiwa, hukumu haiyarudishi.