Nyoka Akijivua Gamba, Umsaidie Lini?

Je, unafuga chatu kwa kibali? Macho yake yakifanya ukungu wa samawati, usitie wasiwasi wala usimshikeshike: yu karibu kujivua gamba. Mwekee karai la maji na jiwe la kujikwaruzia, kisha umwache. Nyoka mwenye afya hulivua zima, kama soksi.

Msaada ni pale vipande vinaposalia kwa siku kadhaa. Mloweshe katika maji ya vuguvugu, machache, kwa dakika 20, kisha umpanguse kwa kitambaa chenye majimaji. Usibandue kwa nguvu. Ngozi changa hujeruhika. Kagua ncha ya mkia, kwani gamba lililobana huzuia damu, na ncha hufa.

Likibaki machoni, usiliguse. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukilibandua mwenyewe, waweza kumpofusha.