Mana ya Jangwani na King'amuzi cha Sebuleni



Wapendwa waamini, juma hili tumependa kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno kwa tafakari ya kiroho, yaani vile vifaa vinavyotuwezesha kutazama leo kipindi kilichopita jana. Tunalileta kwa sababu tumeulizwa. Baadhi ya wenzetu wanaofanya biashara katika soko la Soweto wameuliza hivi: ikiwa Misa Takatifu ya Dominika huoneshwa katika televisheni, na ikiwa siku hizi yaweza kurekodiwa au kutafutwa baadaye katika intaneti, kuna kosa gani mtu akiuza nyanya na viazi vyake mpaka jioni, kisha akaitazama usiku akiwa ametulia nyumbani? Nao akina baba kadhaa wameuliza swali linaloonekana kuwa mbali na hilo: kwa familia yenye watoto, kilicho bora ni king'amuzi kinachorekodi, ni vipindi vya marudio, au ni kutazama kwa njia ya intaneti? Sisi tunayaona maswali haya kuwa ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanauliza ni nani aliye bwana wa muda wetu.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikwisha kuwa na televisheni yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo mwenye uwezo alinunua deki na mikanda ya video, na majirani wakajaa sebuleni kwake. Vituo vilipoanza, muda ukawa mali ya kituo: taarifa ya habari ilikuwa saa 2 usiku, na aliyechelewa alisimuliwa na jirani. Kisha mitambo ya analojia ikazimwa, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufika hapa Mbeya mwaka 2013, na king'amuzi kikawa samani ya lazima katika kila nyumba yenye televisheni.

Sasa tuvitazame vile vitu vitatu kimoja kimoja.

Cha kwanza ni king'amuzi kinachorekodi. Huko Marekani vifaa vinavyorekodi televisheni katika diski badala ya mkanda vilianza kuuzwa mwaka 1999. Kwetu sisi vimejulikana zaidi kwa njia ya ving'amuzi vya kulipia. DStv Explora, kwa mfano, ilitolewa mwaka 2013. Mwenye nyumba hutazama ratiba, huchagua kipindi, hubonyeza rimoti, na kifaa hurekodi saa ikifika hata kama watu wote wako shambani. Faida yake ni kwamba kilichorekodiwa hutazamwa bila kutumia hata shilingi moja ya bando. Hasara zake nazo zipo. Bei yake si ya kila mtu; umeme ukikatika saa ya kipindi, hakuna kinachorekodiwa; diski ikijaa, lazima kitu kifutwe; tena vingi hufunga mlango huo malipo ya mwezi yanapokoma.

Cha pili ni marudio ya hiari, ambayo mtazamaji huyafungua saa aitakayo. Hapa anayehifadhi ni kituo. Hutakiwi kukumbuka kubonyeza chochote mapema, lakini kituo ndicho kinachoamua kipi kibaki na kibaki siku ngapi. Baadhi ya ving'amuzi hupokea vipindi hivyo kwa setilaiti na kuviweka katika sehemu maalumu ya diski, hivyo havitumii intaneti. Ukichelewa kupita siku zilizowekwa, utakuta kipindi kimekwisha kuondolewa.

Cha tatu ni kutazama kwa njia ya intaneti. YouTube ilianza mwaka 2005. Mwaka 2007 BBC ya Uingereza ilifungua huduma yake ya iPlayer, na mwaka huohuo Netflix ikaanza kutuma filamu kwa intaneti, hata ikafika nchini mwetu Januari 2016. Vituo vyetu navyo vina programu zao za simu. Hapa huhitaji dishi wala fundi wa kupanda juu ya bati. Lakini kila dakika ina gharama: saa moja ya picha za ubora wa kawaida yaweza kula karibu gigabaiti moja, na za ubora wa juu hadi gigabaiti tatu. Mzazi anayenunua bando la siku huku kijana wake akitazama filamu chumbani anaifahamu hesabu hiyo bila kufundishwa.

Haki yatudai tuseme jambo moja waziwazi. King'amuzi kinachorekodi kimekuwa chombo cha wenye nafasi, na intaneti imewafikia wengi ambao hawakuwahi kumiliki hata televisheni. Mama muuza mboga mwenye simu janja ndogo aweza kusikiliza novena akiwa anasubiri wateja. Kijana anayesoma chuo Iringa aweza kuliona adhimisho la upadrisho la kaka yake lililofanyika hapa Mbeya. Asiyefurahia mema hayo hana shukrani. Kwa hiyo hatuandiki kuwaambia watu warudi kwenye deki.

Hata hivyo, tunadhani kile kifaa cha zamani kina fundisho ambalo kipya kimelipoteza, na Maandiko Matakatifu yanatusaidia kuliona. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, Mungu aliwalisha wana wa Israeli kwa mana. Kila mmoja aliokota ya kumtosha kwa siku ile. Waliobakiza mpaka asubuhi kwa kutoamini waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Lakini siku ya sita waliamriwa kuokota maradufu na kuweka kwa ajili ya Sabato, nayo ile iliyowekwa haikuharibika. Tena Musa akaagiza pishi moja itunzwe chunguni, ili vizazi vijavyo vione chakula walichokula baba zao jangwani. Chakula kilikuwa kilekile, na katika hali zote tatu kiliwekwa. Tofauti ilikuwa sababu ya kuwekwa kwake. Kilichowekwa kwa uchoyo kilioza. Kilichowekwa kwa ajili ya pumziko takatifu kilikuwa kizima. Kilichowekwa kwa ajili ya kumbukumbu ya watoto kiliheshimiwa mbele za Bwana.

Hapo ndipo tunapopata kipimo cha vifaa vyetu. Anayerekodi hulazimika kuchagua kabla ya kutazama. Husema: hiki kinatufaa, hiki hakitufai; tutakitazama Jumamosi baada ya jumuiya. Uchaguzi hufanyika akili ikiwa imetulia, na kipindi kikiisha, kimekwisha. Katika intaneti, kinyume chake, kipindi kimoja kikiisha kingine huanza chenyewe, kilichochaguliwa na mtambo usiojua kwamba kesho ni siku ya shule wala kwamba rozari haijasaliwa. Mtoto aliyeingia kutazama katuni moja hukutwa saa 5 usiku chini ya blanketi, simu ikiwa ya moto mkononi, akitazama kitu ambacho hakuna mtu nyumbani humo aliyekichagua, hata yeye mwenyewe. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yao Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, walifundisha kwamba watazamaji wana wajibu wa kuchagua kwa uhuru na kwa busara, na kwamba wazazi wanapaswa kuangalia kinachoingia nyumbani mwao. Wakati huo nchi yetu haikuwa na televisheni hata moja, lakini neno lao latuhusu leo kuliko lilivyowahusu wao.

Wapo watakaotujibu kwamba hata king'amuzi chaweza kurekodi upuuzi, na kwamba wapo wanaojaza diski kwa tamthilia wasizozitazama kamwe. Ni kweli, nayo ndiyo mana yenye mabuu. Ndiyo maana hatusemi kifaa chenyewe kitatuokoa. Tunasema tuichukue ile nidhamu ya kuchagua mapema na kuipeleka hata kwenye simu.

Tuje sasa kwa wenzetu wa sokoni. Mtakatifu Klara wa Assisi ndiye msimamizi wa televisheni, aliyewekwa na Baba Mtakatifu Pio XII mwishoni mwa miaka ya 1950. Sababu yake ni kwamba usiku wa Noeli wa mwaka 1252, akiwa mgonjwa asiyeweza kuinuka, alijaliwa kuiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikiadhimishwa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko. Tuangalie mambo mawili. Klara aliona kutoka kitandani kwa sababu hakuweza kwenda; na alichokiona kilikuwa kikitendeka saa ileile. Alikuwa pamoja na wenzake, japo mwili ulimzuia.

Misa iliyorekodiwa ni kumbukumbu njema, nayo yaweza kumfariji mgonjwa, kumfundisha mkatekumeni na kumwamsha aliyelala. Lakini haiwezi kumpa mtu Komunyo, haiwezi kumpa mkono wa amani wa jirani yake, wala haitimizi wajibu wa Dominika kwa mtu mwenye afya. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha Misa kila siku mbele ya kamera, nasi twajua ilivyowategemeza wengi. Hata hivyo, katika mahubiri yake ya tarehe 17 Aprili mwaka huo, yeye mwenyewe alionya kwamba Kanisa la kwenye kioo ni la wakati wa shida, na kwamba shabaha ni kutoka humo na kurudi kwenye Sakramenti pamoja na taifa la Mungu.

Tukumbuke pia jioni ya tarehe 8 Mei 2025. Moshi mweupe ulipopanda Roma, kwetu ilikuwa saa 1 na dakika chache usiku, na Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora alikuwa miongoni mwa waliopiga kura. Kwa zaidi ya saa moja watu walisubiri bila kujua jina, kabla ya kutangazwa Papa Leo XIV. Picha hizo zipo katika intaneti, na yeyote aweza kuzitazama usiku wa leo. Lakini ile saa ya kusubiri pamoja na dunia nzima haimo katika picha hizo, kwa sababu anayezitazama leo amekwisha kulijua jina.

Je, Kanisa halioni taabu ya mfanyabiashara? Linaiona. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, inasema kwamba anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wake wa Dominika. Kanisa lenyewe, basi, limekwisha kumsogezea muumini muda, tena bila rimoti. Mwenye meza sokoni aweza kuwahi Misa ya kwanza alfajiri, au ya Jumamosi jioni palipo na Misa hiyo, na nyanya zake hazitaoza. Na aliye mgonjwa kweli, au anayemuuguza mwenzake, asijihukumu: atutumie habari kwa viongozi wa jumuiya yake, apelekewe Komunyo nyumbani.

Kwa akina baba na akina mama tunashauri mambo matatu. Kwanza, Jumamosi familia ikae na kuchagua vipindi vya juma zima, vichache, na watoto washirikishwe. Wenye king'amuzi wavirekodi, wenye intaneti wavipakue mara moja na kuzima data. Pili, ile hali ya kipindi kingine kuanza chenyewe izimwe katika simu na televisheni, na simu zote zilale sebuleni. Tatu, kila nyumba iwe na chungu chake cha mana: picha za ubatizo, za ndoa, za Komunyo ya kwanza, sauti ya bibi akisimulia alivyobatizwa. Hizo zisiachwe kwenye simu moja inayoweza kuibwa, wala kwenye mkanda wa video unaoota ukungu kabatini. Zinakiliwe katika flashi mbili, moja ikae kwa ndugu. Watoto wetu watazihitaji siku ambayo sisi hatutakuwapo kusimulia.

Mechi ya Simba na Yanga itarudiwa, na tamthilia itarudiwa. Saa ya rozari ya leo pamoja na mtoto wa miaka saba hairudiwi, kwa maana kesho atakuwa mkubwa kwa siku moja zaidi. Mwenyezi Mungu atujalie hekima ya kuokota kila siku kiasi kinachotutosha, na kutunza yale tu yanayostahili kutunzwa.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.