Vitabu Viwili Katika Mkoba wa Msafiri



Wiki hii alinijia ofisini kijana anayejiandaa kwa safari ya mwaka mzima, pengine miwili, kupita nchi nyingi za dunia. Baada ya salamu akanionyesha simu yake. "Baba Paroko, nimepakua vitabu mia mbili na filamu arobaini. Naomba unishauri cha kuongeza." Nikamjibu kwamba ningependa zaidi kumsaidia kupunguza.

Sikusema hivyo kwa kudharau usomaji. Nilipotumwa ng'ambo masomoni nilibeba vitabu kumi na vinne, vingi vikiwa riwaya za nyumbani, na kila jioni nilijifungia chumbani pamoja navyo. Majirani walionikaribisha chakula walikaribisha mara tatu, mara nne, kisha wakachoka. Miezi minane ilipita kabla sijaweza kununua mkate pasipo kunyoosha kidole. Vitabu vile vilikuwa vizuri. Ni mimi niliyevipanga kama ukuta. Ukuta wa siku hizi ni mwepesi zaidi, kwani unaingia mfukoni na huja na hedifoni zake.

Basi, msafiri wa muda mrefu abebe nini? Kwanza ningempa kitabu cha Tété-Michel Kpomassie, mwana wa Togo, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1981 na kinachopatikana pia kwa Kiingereza kwa jina An African in Greenland. Huyu alipokuwa kijana alianguka kutoka juu ya mnazi baada ya kukutana na chatu, na wazee wakaazimia kumtoa awe mtumishi wa ibada ya chatu. Katika siku hizo alikuta katika duka la vitabu la wamisionari mjini Lomé kitabu kuhusu watu wa Greenland. Nchi yenye barafu, isiyo na miti wala nyoka! Akatoroka. Alisafiri kidogo kidogo, akifanya kazi hapa na pale Afrika Magharibi na Ulaya, hata akafika huko mwaka 1965, takriban miaka minane baada ya kuondoka kwao.

Ninalolipenda ni yale aliyoyafanya baada ya kufika. Aliposhuka melini watu walinyamaza, na baadhi ya watoto walilia kwa hofu. Naye hakukimbilia chumba chenye mlango wa kufunga. Aliishi katika nyumba za watu, akala walichokula, akajifunza lugha yao, akazidi kwenda kaskazini. Huko Upernavik alikaa kwa mzee ambaye kuta za nyumba yake ya udongo zilikuwa zimebandikwa kurasa za magazeti na majarida, tabaka juu ya tabaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa maktaba ya mzee, na mgeni kutoka Togo akakaribishwa ndani yake. Tazameni jinsi kitabu kimoja kilivyomtoa mtu kwao, na jinsi, alipofika, watu wenyewe walivyokuwa kitabu chake.

Cha pili ningependa kiwe kile kinachotuonyesha sisi kwa macho ya mgeni. Ibn Battuta aliondoka Tanja mwaka 1325, na mwaka 1331 alipita Mombasa akielekea Kilwa. Anaeleza kwamba watu wa Mombasa walikula ndizi na samaki, na kwamba walitembea pekupeku na kunawa miguu kabla ya kuingia msikitini. Mambo madogo, naam, lakini ni ya mtu aliyetazama. Anayetaka sauti ya Kiswahili asome safari ya Salim bin Abakari, Mkomoro aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Ilichapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten. Mara nyingi tumezoea kuandikwa. Humo Mswahili anawaandika wengine.

Vitabu vya mwongozo wa watalii? Abebe kimoja, kwa ajili ya vituo vya mabasi, ila bei zilizomo asiziamini sana.

Kuhusu filamu na muziki, ushauri wangu hautapendwa. Asikilize redio ya mahali alipo, hata kama haelewi neno. Ataanza kutambua saa ya habari, kisha jina la timu ya mpira, kisha tangazo la sabuni. Atakuta siku moja anacheka pamoja na abiria wenzake bila kujua ni lini alianza kuelewa. Filamu aziweke kwa ajili ya homa na mvua ya siku tatu, kwa kuwa siku hizo zitakuja, na upweke si jambo la kumtania mtu aliye mbali na mama yake.

Kijana alinisikiliza kwa heshima zote. Aliandika jina la Kpomassie, akaniomba baraka, akaondoka. Filamu hakufuta hata moja.