Kocha wa Watoto Asichezee Umri

Agosti 2014, Amavubi ya Rwanda iliitoa Congo-Brazzaville kwa penalti jijini Kigali. Baadaye mwezi huohuo CAF iliiondoa kwenye mbio za kufuzu Kombe la Afrika la 2015. Tatizo halikuwa mpira. Mshambuliaji mmoja alikuwa na majina mawili na tarehe mbili za kuzaliwa: Rwanda huyu, klabuni kwake Kinshasa mwingine.

Mfanyabiashara wa mpakani anaielewa hasara hiyo. Karatasi moja ya uongo husimamisha lori zima, pamoja na mizigo halali ya wenzake.

Tabia hii huanzia kwenye timu za watoto. Kocha anayemchezesha kijana wa miaka 18 kati ya wenye 15 hupata kombe la msimu mmoja. Wadogo huumizwa, hukaa benchi, mwishowe huacha mpira. Mkubwa naye hukwama mbele: tangu 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono kwa MRI katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17.

Basi kocha aone cheti cha kuzaliwa kabla ya kumsajili mtoto, na atunze nakala. Aliyetoka Goma au Bujumbura asifukuzwe kwa ugeni wake. Asaidiwe kupata karatasi zake halisi.

Wazazi wanaoshinda mipakani nao wasaidie: cheti cha mtoto kibaki nyumbani, kisisafiri mkobani na risiti za forodha.