Nota za Kwaya Zisifungiwe Kwenye Programu Moja

KUTOKA BUHONGWA
Na Masanja Lugoye

Agosti 26, 2024, kampuni ya Marekani iitwayo MakeMusic ilitangaza kwamba inaacha kuiendeleza Finale, programu ya kuchapa nota iliyoingia sokoni mwaka 1988. Si habari ya kusomwa redioni baada ya bei ya pamba. Lakini inawagusa walimu wa kwaya wa Buhongwa kuliko wanavyodhani. Mchapaji wa nota aliyejifunzia kazi kwenye Finale ana mafaili ya miaka mingi yanayoishia na .mus, na faili la namna hiyo likifunguliwa kwa Notepad hutoa takataka za alama zisizosomeka na mtu yeyote.

Kwaya yenyewe mara nyingi hata hilo faili haina. Ina PDF iliyotumwa WhatsApp na nakala za fotokopi zilizochakaa pembeni. PDF inatosha kuimbia. Shida huanza soprano wanaposhindwa kufika juu, mwalimu akataka wimbo ushuke kutoka G hadi F. PDF ni picha ya karatasi, haijui G wala F. Hapo kazi inaanza upya, na mchapaji analipwa mara ya pili.

Kuna njia nyingine, nayo ni muziki ulioandikwa kwa herufi za kawaida ndani ya faili la maandishi. Anayedhani jambo hili ni geni afungue daftari la mwalimu yeyote aliyelelewa na sol-fa: d, r, m, f, s, l, t, nuktapacha kutenganisha mapigo, kistari kuvuta sauti, alama ndogo juu au chini ya herufi kuonyesha oktava. Mfumo huo ulianza na Sarah Glover, Mwingereza wa Norwich, ukaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, kisha wamisionari wakauleta Afrika. Hauhitaji mistari mitano, taipureta inatosha. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 wimbo uliotupa tuni ya “Mungu Ibariki Afrika”, aliandika nyimbo zake kwa sol-fa katika daftari. Alifariki mwaka 1905. Daftari likapita mikononi mwa watu, na mwishowe likapotea.

Ndugu wa karibu wa sol-fa kwenye kompyuta ni ABC, mfumo aliousambaza Mwingereza Chris Walshaw mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya nyimbo za kienyeji. Faili zima la zoezi fupi linaweza kuwa hivi:

X:1
T:Zoezi la Jumamosi
M:4/4
L:1/4
K:G
G A B c | d2 B2 | A G A B | G4 |

X ni namba ya wimbo, T jina lake, M mapigo, L urefu wa nota ya kawaida, K ufunguo. Mwana-sol-fa ataliimba mara moja akishajua kwamba doh ni G: d r m f, kisha s na m zikivutwa mapigo mawili mawili, r d r m, na d ya mapigo manne. Herufi ndogo iko oktava moja juu ya herufi kubwa. Maneno huwekwa chini kwa mstari unaoanza na w:, silabi zikitengwa kwa kistari. Kwa Kiswahili kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa silabi zetu hazina ubishi na herufi zetu hazina mapambo ya kuichanganya kompyuta.

Wengi hukwama kwenye kulifungua. Faili la .abc likibofywa mara mbili, Windows huuliza litumie programu gani, na mtu huchagua Word kwa mazoea. Hapo ndipo muziki unapoharibika. Word hupenda kukuza herufi ya kwanza ya mstari, kwa hiyo c inakuwa C na sauti inaporomoka oktava nzima. Hupenda pia kupindisha alama ya ritifaa, ile inayoipandisha nota, na programu ya muziki haiitambui tena. Kusoma au kusahihisha, tumia Notepad. Kuona mistari mitano na kusikia sauti, EasyABC inatosha, nayo ni ya bure. Jingine dogo: Windows kwa kawaida huficha mwisho wa jina la faili, hivyo “wimbo.abc” anayoiona mtu inaweza kuwa “wimbo.abc.txt”, na mafundi wa stesheneri wakaapa kwamba faili limeingiliwa na vairasi.

LilyPond, programu nyingine ya muziki wa maandishi iliyoanzishwa na Waholanzi wawili mwaka 1996, hutoa kurasa nzuri kuliko zote, lakini inadai subira ambayo mwalimu mwenye mazoezi jioni hana.

Kwa nyimbo za sauti nne, safu hii inapendekeza mfumo wa MusicXML. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004, nao unasomwa na programu za MuseScore, Sibelius, Dorico na Finale yenyewe. Ndani yake ni maandishi matupu: kila nota ina herufi yake, oktava yake na urefu wake, na neno linaloimbwa juu yake. Faili linaloishia na .mxl ni hilohilo lililobanwa kama zip. MuseScore ni ya bure, na humo kuushusha wimbo kutoka G hadi F ni kazi ya dakika.

Wachapaji na watunzi wana hoja yao: wakitoa faili lenyewe, kila mtu atachezea kazi yao na kufuta majina yao. Wasiwasi huo una msingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, awe ameandika kwa penseli au kwa kompyuta, na kwaya inayobadili wimbo inapaswa kumwomba ruhusa. Ila PDF haijawahi kuzuia wizi. Jina hufutwa kwa karatasi nyeupe juu ya mashine ya fotokopi. Makubaliano yafanyike kabla ya malipo: kwaya ipewe PDF na MusicXML, mtunzi abaki na jina lake ndani ya faili.

Wenye Finale inayofanya kazi bado wasisubiri kompyuta ife. Sehemu ya kutoa MusicXML iko kwenye menyu ya File, chini ya Export. Baada ya hapo faili lifunguliwe kwenye MuseScore na kukaguliwa, hasa maneno ya besi na ya ubeti wa pili na wa tatu, maana ndiyo huhama mahali pake mara nyingi.