TUJIWEKEE SHABAHA ZETU WENYEWE



Kila mmoja wetu anajua maana ya shabaha ya kazi. Fundi wa kushona huambiwa ni mashati mangapi yatoke mezani pake kabla ya kengele. Mpakiaji huhesabiwa magunia, dereva huhesabiwa safari, na karani wa simu huhesabiwa watu aliowajibu. Shabaha hizo huwekwa na tajiri, husimamiwa na nyapara, na faida yake sisi twaiona kidogo tu siku ya mshahara. Lakini mwili unaozitimiza ni wetu, na ukichakaa hauna vipuri kama mashine. Siku tajiri anapompa mtu barua ya kumwondoa kazini, humwachia mwili wake vile vile ulivyo, mzima au mbovu, naye huenda nao nyumbani.

Kwa sababu hiyo twataka leo kusema habari ya shabaha za namna nyingine, yaani zile ambazo mtu hujiwekea mwenyewe nyumbani kwake, kwa ajili ya nguvu na afya yake. Twajua ya kwamba wengine watacheka. Watasema, "Mazoezi ni mambo ya watu wenye nafasi, wanaolipa pesa kwenda kuinua vyuma. Mimi kazi yangu ni zoezi tosha." Maneno haya yafaa kujibiwa kwa heshima, maana wanaoyasema ni wengi, wala si wapumbavu.

Kwanza tutazame kazi za kukaa. Mnamo 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitini zamu nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tikiti. Walikuwa watu wa tabaka moja na shirika moja. Ilionekana kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata haukuwaua upesi kama ulivyowaua madereva. Ni kweli kwamba baadaye, mnamo 1956, Morris na wenzake walipotazama vipimo vya sare waliona madereva wana viuno vikubwa kuliko makondakta, hata wale vijana, kwa hivyo si ngazi peke yake iliyoleta tofauti yote. Lakini tangu siku hizo uchunguzi mwingi wa nchi nyingi umeonyesha jambo lile lile: mwili unaokaa tu siku nzima huharibika. Basi dereva wa matatu, mshonaji, karani na mlinzi anayekaa kwenye kibanda cha lango wasiseme kwamba kazi yao ni zoezi. Wachoka, ndiyo, lakini kuchoka si kufanya zoezi.

Pili tutazame kazi za sulubu. Mpakiaji na mchanganya zege atasema, "Mimi sikai. Nabeba tangu asubuhi." Kweli kabisa. Lakini mwaka 2018 wachunguzi walikusanya pamoja hesabu za watu zaidi ya 190,000 kutoka nchi mbalimbali, wakaona kwamba wanaume wa kazi nzito sana walikufa mapema kuliko wale wa kazi nyepesi. Hatari yao ilikuwa zaidi kwa kadiri ya asilimia 18. Umaskini na mambo mengine ya maisha huenda yana sehemu yake katika hesabu hiyo. Hata hivyo wachunguzi wataja pia kazi yenyewe: mtu wa sulubu hutumia mgongo ule ule na bega lile lile kwa masaa mengi, wala hawezi kupumzika anapochoka bali anaporuhusiwa, na presha yake hukaa juu siku nzima. Zoezi ni kinyume cha hayo. Huwa fupi, hugusa mwili wote, hufuatwa na mapumziko, na anayelifanya huacha atakapo.

Kwa hivyo anayekaa ahitaji kutikisika, na anayebeba ahitaji kunyosha viungo, kuipa nguvu misuli ambayo kazi haiigusi, na kupumzika. Shabaha zao haziwezi kuwa moja, na ndiyo maana twasema kila mtu ajiwekee yake.

Je, kiasi gani chatosha? Shirika la Afya Duniani katika mapendekezo yake ya 2020 lasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kadiri, kama kutembea kwa haraka, na siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Zamani ilisemwa kwamba lazima ziwe dakika kumi mfululizo ndipo zihesabiwe. Sharti hilo sasa limeondolewa: dakika tatu hapa na tano pale zahesabiwa zote. Mwenzetu anayetoka Mukuru kwa miguu mpaka Industrial Area na kurudi, akienda kwa haraka, amekwisha kutimiza sehemu kubwa. Lililobaki ni misuli, na hilo lafanyika ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, bila kununua kitu.

Sasa tuseme jinsi ya kuanza.

Siku ya kwanza iwe siku ya kupima. Keti juu ya kiti imara kilichoegemea ukuta, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi mara nyingi uwezavyo kwa nusu dakika, mwenzako akitazama saa. Andika hesabu. Pumzika. Kisha simama mbele ya ukuta, weka viganja juu yake, jisogeze mpaka pua ikaribie ukuta na ujisukume kurudi. Hesabu mpaka mikono ikatae, uandike. Pumzika tena. Mwisho, simama mahali pamoja na upige hatua ukiinua magoti juu kwa dakika mbili, ukihesabu goti la kulia. Hesabu hizo tatu ziandike kwenye kalenda ukutani. Hapo ndipo unapoanzia, wala usione haya kama ni chache.

Kisha weka shabaha, na iwe ndogo. Aliyesimama kutoka kitini mara 12 aandike 14 kwa wiki mbili zijazo, asiandike 40 kesho. Anayeruka mno siku ya kwanza huamka na maumivu siku ya pili, na siku ya tatu haonekani. Ukuta ukiwa rahisi, tumia meza imara, kisha kitanda, na mwisho sakafu. Anayetaka uzito ajaze maji: lita moja ya maji ina kilo moja, basi mtungi wa lita tano ni kilo tano, na mazoezi yakiisha maji yatumike kuoshea vyombo. Mwenye kazi ya kubeba asibebe tena nyumbani. Alale chali juu ya mkeka, akunje magoti, ainue nyonga na kuzishusha polepole. Kisha anyoshe miguu na mgongo bila kujilazimisha.

Shabaha iwe ya tendo, isiwe ya mizani. Uzito wa mwili hupanda na kushuka kwa mambo mengi ambayo huna amri juu yake, lakini kusimama kutoka kitini mara 14 ni amri yako mwenyewe. Tena ifunge shabaha hiyo kwenye jambo ambalo hufanyika kila siku bila kukosa, kwa mfano wakati chai inapochemka, au kabla ya kuoga. Wachunguzi wa London waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijifunza desturi mpya, wakatoa matokeo yao mwaka 2009: ilichukua siku 66 kwa wastani mpaka jambo likafanyika lenyewe bila kujisukuma. Wengine walitumia siku 18 tu, na wengine kwa makadirio wangefikia 254. Waliona tena kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Basi aliyekosa jana kwa sababu ya zamu ya usiku au mtoto mgonjwa asiseme yote yamevunjika. Aendelee leo.

Kwa hesabu hiyo twaleta shauri kwa wanachama wote: tujaribu kwa wiki kumi, yaani siku 70. Watu wa ploti moja, au wa zamu moja, wajiunge wanne au watano na kushindana. Lakini mashindano haya yana kanuni zake. Hatushindani kwa nani amepiga nyingi, maana mzee wa miaka 58 na kijana wa miaka 22 hawawezi kupimwa kwa kibaba kimoja. Twahesabu siku alizofanya mtu, na kadiri alivyopita hesabu yake mwenyewe ya siku ya kwanza. Pesa zisiwekwe, maana pesa zikiingia jambo hili litageuka kamari, na anayedaiwa atajiumiza ili asishindwe. Tena mwenzako akikosa siku mbili usimcheke. Mgongee mlango uulize kama yu mzima. Umoja huu ndio tunaoujua katika chama, nao wafaa hata hapa.

Neno moja kwa wanaume. Mama anayetoka kiwandani jioni huingia zamu ya pili: maji, jiko, nguo, watoto. Usimwambie kwamba kazi hiyo ni mazoezi yake na huku wewe wajinyosha mkekani. Kama shabaha zako ni za haki, mojawapo iwe kushika ufagio na sufuria nusu saa kila siku, ili naye apate nusu saa yake. Dada zetu wana haki ya shindano hili sawasawa na sisi, na haki isiyo na wakati ni maneno matupu.

Tena tuwe waangalifu. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015, zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa presha hata mara moja. Kupima hakuumi na huchukua dakika chache. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, jeraha la kazini au mimba azungumze kwanza na daktari au muuguzi. Na yeyote anayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika aache mara moja aende hospitali. Asijitie ushujaa.

Mwisho twasema na matajiri, maana twajua watasoma gazeti hili hata kama hawalinunui. Wako wanaopenda kubandika ukutani picha za watu wakikimbia, na chini yake maneno ya kuwahimiza wafanyakazi watunze afya zao, na huku madirisha hayafunguki na masaa ya ziada hayakataliki. Picha hizo hazitudanganyi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu kwamba mwaka 2016 watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki. Hakuna kuruka kamba kunakoweza kulipa deni hilo. Mfanyakazi akiugua, tajiri asiseme, "Hukufanya mazoezi." Aulizwe kwanza alimfanyisha kazi masaa mangapi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili. Anayenyimwa haya alete habari kwa mwakilishi wake wa chama. Tangu 1817 Robert Owen wa Uingereza alidai siku igawanywe mara tatu: masaa manane ya kazi, manane ya kujiburudisha na manane ya kulala. Wafanyakazi wa nchi nyingi waligoma na kufungwa kwa ajili ya yale manane ya katikati. Hayakupiganiwa ili tuyamalize yote tukiwa tumelala juu ya kiti. Yalipiganiwa ili yawe yetu.

Basi, ndugu, chukueni penseli jioni hii na kiti kimoja, mkaandike hesabu ya kwanza. Wawakilishi wa kila idara wapokee majina ya vikundi katika mkutano ujao, na baada ya wiki kumi twataka kusikia ni nani walioshika siku zao. Tajiri ataendelea kutuwekea shabaha za mashati na magunia, nasi tutaendelea kubishana naye mezani juu ya kiasi na malipo. Lakini shabaha hii nyingine ataiweka mwenye mwili, na faida yake yote, bila kukatwa senti, itakuwa yake.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI